Mofini Ilikuwamo Kabatini

Sista Anjela Mhina alikufa Jumapili, saa tisa alasiri, kitanda namba sita cha wodi ya wanawake, akipiga kelele. Naandika akipiga kelele kwa sababu kwenye faili lake wameandika kwamba alipumzika kwa amani. Mimi nilikuwepo. Nilikuwa nimemshika miguu asianguke, binti yake Neema amemshika mabega, na wagonjwa walioweza kutembea walikuwa wameshatoka nje wakakaa kwenye majani, kwa sababu hawakuweza kuendelea kusikia. Kutoka kitanda kile hadi kwenye kabati lenye mofini ni hatua kumi na moja. Nilizihesabu baadaye, nikipiga deki. Daktari alikuwa ameiandika dawa, na kabatini ilikuwamo. Kilichokosekana ni ufunguo mmoja, na ufunguo huo ulikuwa Tanga mjini, mfukoni mwa Bwana Elieza Singano, mfamasia wetu, aliyekwenda harusini.

Huyo Sista ndiye aliyenifundisha kazi. Ninyi mliobaki wodini mliniomba niandike kitu nilipostaafu mwezi uliopita, nadhani mlitarajia vichekesho vya zamani na mawaidha kidogo. Vichekesho vitakuwepo vichache. Mawaidha yangu yote yanahusu dawa za ukoo mmoja, namna ya kuzitaja na kuzipanga, kwa sababu kwenye kupanga ndiko tulikomuulia mtu. Nina darasa la saba la Magoma, kwa hiyo msinitafutie makosa ya kalamu. Makosa mengine nitawaonyesha mwenyewe.

Baba yangu alikuwa Mngoni, aliletwa Tanga kukata mkonge, akaoa huku, akazikwa huku. Mimi nikaingia kiwandani nikiwa na miaka kumi na tisa, kwenye korona, ile mashine inayochambua majani ya mkonge ibaki singa tupu. Kazi yangu ilikuwa kuondoa makapi yaliyoganda. Siku moja nikiondoa makapi, mashine ikazunguka na mkono wangu wa kushoto. Vidole viwili vilibaki mle ndani. Kitu cha ajabu, dakika za mwanzo sikusikia chochote. Nilitembea mwenyewe hadi kwenye trekta. Maumivu yalinipata njiani, tulipokaribia Korogwe, na hapo nililia kama mtoto mbele ya wanaume wenzangu, na hakuna aliyenicheka.

Hospitalini alikuja muuguzi mwembamba, mweusi, Msambaa wa Kwashemshi, hana maneno mengi. Akanichoma sindano pajani. Baada ya kama robo saa maumivu yakawa bado yapo, lakini yamekwenda kukaa mbali, kama redio ya jirani. Nikamuuliza, "Sista, hii umenipa nini?"

"Pethidini."

"Ndiyo nini?"

"Wewe ndiye mgonjwa wa kwanza mwezi huu kuniuliza jina," akasema. "Wengine wananiuliza kama itauma."

Nilikaa pale wiki saba. Nilipopona kiwanda hakikunitaka, na hospitali ilikuwa inatafuta mhudumu wa wodi. Sista Anjela akamwambia matroni wa wakati ule, "Huyu ana vidole vinane lakini ana masikio." Ndivyo nilivyoajiriwa. Sijawahi kupata barua ya sifa nzuri kuliko hiyo.

Siku ya kwanza nilipewa chupa za kuosha, karibu gunia zima, za dawa ya kikohozi na za maji ya kunywa, wagonjwa walizorudisha. Nizioshe kwa maji ya moto na sabuni, nisuuze mara tatu, niziinamishe zikauke. Mofini ilikuja kama unga, mchanganyaji akaikoroga na maji yaliyochemshwa yakapoa, akatia rangi: kijani kwa ile hafifu, waridi kwa ile kali. Sista alinionya kwamba chupa ikibaki na tone la rangi ya jana, mtu anaweza kupewa mara kumi ya anachotakiwa. Niliosha chupa zile kama ninaosha macho ya mtu. Nilipomaliza akaziinua moja moja kwenye mwanga wa dirisha, akanirudishia nne.

"Sista, hizi zina nini?"

"Zina haraka yako."

Jina la kabati la dawa zile ni DDA, wauguzi wote wanaliita hivyo. Kwa miezi kadhaa nilidhani ni jina la fundi aliyelitengeneza. Nilimwambia Sista hivyo siku moja tukinywa chai, akacheka hadi akaweka kikombe chini. Halafu akaniambia herufi zile zinatoka kwenye sheria ya zamani ya dawa za hatari, na kwa kuwa nimeuliza, nikae. Akachukua katoni ya glovu, akaipasua, akaandika kwa kalamu ya wino nyuma yake. Ile katoni ninayo hadi leo. Nitawaeleza kilichoandikwa kwa maneno yangu.

Kuna utomvu unaotoka kwenye tunda bichi la ua linaloitwa afyuni. Ndani ya utomvu ule mna mofini na mna kodeini, zimeumbwa hivyo. Hizo mbili wanaziita opiati. Mtu akichukua mofini akaigeuza kidogo maabara, anapata nyingine, na heroini imepatikana hivyo. Sista alisema heroini hapo zamani iliuzwa dukani kama dawa ya kikohozi. Nilidhani ananitania. Halafu kuna zile ambazo hazikuona ua kabisa, zimetengenezwa kiwandani tangu mwanzo: pethidini, tramadoli, fentanili, methadoni. Ukizikusanya zote, za ua na za kiwandani, jina la ukoo ni opioidi. Hata mwili wako una za kwake, akasema, ndiyo maana ulitembea hadi kwenye trekta bila kusikia mkono.

Huo ni mpango wa kwanza, wa zinatoka wapi. Mpango wa pili ni wa nguvu, nao ndio wa wodini. Maumivu madogo, panadoli na jamii ya diklofenaki, ambazo si za ukoo huu. Yakizidi, kodeini au tramadoli. Yakizidi tena, mofini na wenzake. Mpango wa tatu ni wa polisi na mahakama, nani aruhusiwe kushika nini.

"Sasa Sista, upi ndio wa kweli?"

"Yote ya kweli. Ila ukisimama mbele ya mgonjwa unatumia wa pili. Ukiuchukua wa tatu ukaupeleka kitandani, umemgeuza mgonjwa kuwa mtuhumiwa."

Na pembeni kabisa ya katoni aliandika naloksoni, akaizungushia duara, peke yake. Hiyo haiondoi maumivu. Kazi yake ni kuzifukuza zile nyingine mwilini zikizidi, mtu aanze tena kupumua. "Hii," akasema, "isikae mbali na mkono wako hata siku moja."

Kwa miaka mingi nilizunguka naye majumbani. Hospitali ilikuwa na Landikruza moja iliyochakaa, na kila Jumatano tuliwafuata wagonjwa wa saratani ambao wodi haikuwa na la kuwafanyia. Tulikwenda hadi nyanda za Handeni kwa wafugaji, na huko ndiko nilikoona kazi ya mofini kwa macho. Alikuwepo mzee mmoja, Lemburis, ana uvimbe kwenye taya. Hakuwa anakula, hakuwa analala, na wanawe walikuwa wanamwogopa kwa sababu alimpiga kwa fimbo yeyote aliyemsogelea. Mwanawe mkubwa, Lesikar, aliishika chupa ya kijani, akaigeuza geuza.

"Yeyo," akamwambia Sista, maana walimwita mama, "hii si ndiyo ile wanakamata watu kule Korogwe?"

"Ile wanayokamata watu ni ndugu yake. Hii nimekuja nayo mimi na gari ya serikali. Umewahi kuona mhalifu anakuja na gari lile?"

Lesikar akaliangalia lile Landikruza, lango la nyuma limefungwa kwa kamba ya mkonge. "Mhalifu anakuwa na gari zuri," akasema. Walicheka wote, hata mzee, kwa upande mmoja wa mdomo.

Tatizo likawa saa. Mofini ya kunywa inatakiwa kila baada ya saa nne, usingoje maumivu yarudi, na pale bomani hapakuwa na saa hata moja inayotembea. Simu pekee ya pale ilikuwa imezima chaji tangu Jumapili. Sista akamuuliza mke wa Lesikar siku yao inakwendaje. Wakakaa chini wakaipanga: kijiko wakati wa kukamua asubuhi, kijiko jua likishapanda na umande umekauka, kijiko likianza kuinama wakati ndama wanafungiwa kivulini, kijiko ng'ombe wakirudi, na vijiko viwili pamoja baada ya maziwa ya mwisho, ili mzee alale moja kwa moja. Mama yule akarudia mpangilio ule bila kukosea. Mimi nikapewa kazi ya kueleza dawa ya choo, maana mofini inafunga tumbo, na ukimpa mtu mofini bila dawa ya choo umemwondolea adhabu moja ukamwekea nyingine. Nilieleza kwa mikono zaidi. Walinielewa vizuri kupita nilivyotaka.

Wiki mbili baadaye tulimkuta mzee Lemburis amekaa nje, anakunywa uji, anawagawia wanawe ng'ombe mmoja mmoja kwa rangi na kwa jina, kila mtu anasikia. Alikufa mwezi uliofuata. Lesikar alikuja Korogwe kwa miguu na basi kurudisha chupa iliyobaki nusu. Alisema baba yake amekufa akiwa anajua anaongea na nani. Sista aliipokea ile chupa akaenda nayo chumba cha dawa na hakutoka kwa muda.

Sasa nifike kwa Singano. Alikuja miaka miwili kabla Sista hajastaafu. Kijana msafi, amesoma, shati limepigwa pasi hadi mikono inakata. Sikumchukia mwanzoni. Wakati ule tramadoli zilikuwa zinapotea stoo. Vijana wa bodaboda walikuwa wanazimeza kupunguza uchovu, halafu wanameza ili wasitetemeke, na wawili waliletwa kwetu wakiwa na degedege. Aliyekuwa anaziiba alikuwa karani wa stoo, Msafiri Kidunda, na kila mtu kuanzia jikoni hadi mochwari alijua. Badala ya kumshika Kidunda, Singano aliandika orodha.

Alitusomea kikaoni. Dawa zote za orodha ile zitaingia kabati moja, kwenye kona ya wodi ya wanawake, kufuli mbili, ufunguo mmoja wake, mmoja wa matroni Tabitha Mandia. Hakuna nakala. Alianza kusoma: mofini ya sindano, mofini ya kunywa, pethidini, fentanili, kodeini, tramadoli, diazepamu, fenobabitoni, naloksoni.

Sista Anjela akanyoosha mkono. "Bwana Singano, fenobabitoni ni ya kifafa. Haimo kwenye ukoo huu."

"Inalevya, Sista."

"Na naloksoni inamlevya nani?"

Akafungua kitabu cha mwongozo, akaonyesha kidole. "Ipo ukurasa huuhuu pamoja na hizo nyingine."

Mimi nilikuwa nimeleta chai, sikutakiwa kuwa na maoni, lakini nilijua kutoka kwenye katoni ya glovu kwamba mtu huyu amefungia ndoo ya maji ndani ya nyumba inayoungua. Alikuwa amepanga dawa kwa kurasa za kitabu.

Sista akasema, "Umepanga kwa woga, baba. Hukupanga kwa kazi."

"Sista, wakija wakaguzi hutaulizwa wewe."

"Kweli. Mimi naulizwa na mgonjwa."

Daktari Shemhilu, mganga mfawidhi, ndiye aliyekuwa anaongoza kikao. Alitazama saa yake akasema suala limesikika, tuendelee na ajenda ya maji. Hapo ndipo lilipopita. Nalitaja jina lake kwa sababu angeweza kulizuia kwa sentensi moja, na alichagua maji.

Haikuchukua mwezi. Mama mmoja alikuwa ametoka chumba cha upasuaji, akachomwa mofini ya sindano na muuguzi wa asubuhi, na wa mchana hakuona kwenye kadi, akamchoma tena. Nilikuwa nabadilisha shuka kitanda cha jirani nikasikia ukimya. Ninyi vijana jifunzeni kusikia huo ukimya. Nikamwangalia kifua: kinapanda, kinakaa, kinakaa, kinapanda. Nikamfunua jicho, mboni imekuwa ndogo kama tundu la sindano. Nikaita, na muuguzi Halima akaja mbio.

"Naloksoni, kaka Kosma! Iko wapi?"

"Kabatini."

Matroni Mandia alikuwepo, akafungua kufuli yake upesi. Ya pili ikabaki inatuangalia. Singano alikuwa amekwenda kwake Kwamndolwa kula chakula cha mchana. Halima akachukua mfuko wa kupumulia, tukampa yule mama pumzi kwa mikono, mimi na yeye, tunapokezana, mkono wangu wa vidole vitatu ukiteleza kwenye mpira kwa jasho. Dereva alitumwa na pikipiki. Ilichukua karibu saa nzima. Singano aliingia anajifuta mdomo. Naloksoni ilipoingia kwenye mshipa, ndani ya dakika mbili yule mama alifumbua macho akatutukana kwa Kizigua, tusi refu kabisa, na Halima akakaa sakafuni akalia kwa furaha. Tulikaa naye hadi jioni, kwa kuwa naloksoni inakwisha kabla ya mofini, na mtu anaweza kuzama tena.

Sista Anjela aliandika barua siku ileile. Aliomba mambo mawili: naloksoni itolewe kabatini iwekwe kwenye trei ya dharura, na ufunguo wa pili ukae na muuguzi wa zamu. Singano alitoa naloksoni. La ufunguo alikataa. Mandia, ambaye aliona kila kitu kwa macho yake, alisema haingilii mambo ya famasi. Shemhilu aliweka barua kwenye faili. Karani Kidunda alihamishiwa kituo kingine, na tramadoli ziliendelea kupatikana mtaani kama kawaida.

Sista alistaafu. Tulimnunulia kitenge na keki, akaondoka kwenda Kwashemshi kulima maharage na kulea wajukuu. Mara mojamoja nilipanda kumsalimia. "Shikamoo Sista," namwambia, na yeye, "Marahaba, chupa zinatakata?" Mwaka wa tatu akaniambia ana uvimbe titini, ameusikia muda, alidhani ni tezi. Muuguzi mwenye miaka thelathini na zaidi ya kazi. Nikamkasirikia, akaniacha nikasirike. Uvimbe ulikuwa umeshaingia mifupa ya mgongo. Alipewa mofini ya kunywa nyumbani, aliipima mwenyewe kwa saa, Neema akimwandikia, na kwa miezi mitano aliishi vizuri. Aliweza kutembea hadi shambani akawakosoa watu wanavyopanda.

Ijumaa ile, mwaka jana, chupa iliisha. Neema alimleta kwa gari la kukodi asubuhi, kupata nyingine na kumwonyesha kwa daktari kwa kuwa miguu ilikuwa inakufa ganzi. Daktari wa zamu, kijana mzuri, akamlaza, akaandika mofini kila saa nne na nyongeza ikihitajika. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilimtandikia kitanda cha sita kwa sababu kinapata upepo. Kisha Halima akaja akaniita pembeni, uso umebadilika. Singano ameondoka tangu saa nne, harusi ya mdogo wake Tanga, atarudi Jumatatu. Ufunguo amekwenda nao.

Tulimpigia. Halima aliweka sauti ya nje, kwa hiyo nilisikia mwenyewe, na ngoma za harusi nikazisikia.

"Mpeni tramadoli kwa sasa," akasema.

"Bwana Singano, tramadoli iko humohumo kabatini."

"Basi mpeni diklofenaki."

"Ni saratani ya mifupa. Ni Sista Anjela."

"Nimekusikia, dada Halima. Nitajitahidi kesho."

Kesho yake simu haikupokelewa. Tulimtafuta Shemhilu nyumbani kwake, mimi na Neema. Alitoka hadi kibarazani, ametuvalia kanzu safi, akatusikiliza. Neema akapiga magoti. Alisema anaelewa uchungu wetu, lakini kufuli la dawa za kulevya likivunjwa bila mwenyewe kuwepo, hospitali nzima itaulizwa. Akasema tujaribu hospitali nyingine. Gari la wagonjwa lilikuwa limepeleka mama mjamzito Muheza. Neema alipanda bodaboda akazunguka maduka yote ya dawa ya Korogwe, na kila duka likamwambia kweli, kwamba mofini haiuzwi dukani.

Mtu aliyezoea mofini kwa miezi mitano, ukiikata ghafla, mwili wenyewe unamgeukia. Alitapika, alitetemeka, jasho lililowesha godoro, na chini ya hayo yote mgongo unavunjika. Jumamosi mchana aliweza bado kuongea. Alinishika sare.

"Kosma, funguo zimekuja?"

"Zinakuja, Sista."

"Usinidanganye. Mimi nimewadanganya wangapi hivyo hivyo, najua sauti yake."

Nikamfuta jasho usoni.

"Msiandike kwamba nimepata," akasema. "Mkiniandika nimepata, anayefuata naye atakosa."

Hapa nataja mkosaji mwingine. Jina lake Kosmasi Ngonyani, mhudumu wa wodi. Stoo ya jenereta kulikuwa na mtaimbo, na ufunguo wa stoo ile ulikuwa kiunoni mwangu. Kufuli lile lingekatika kwa pigo moja au mawili. Nilikwenda hadi stoo Jumamosi jioni nikaushika. Nilikuwa nimebakiza miezi minane nistaafu. Nikafikiri polisi, nikafikiri neno dawa za kulevya kwenye hati ya mashtaka na jina langu chini yake, nikafikiri kiinua mgongo. Nikaurudisha mtaimbo ukutani, taratibu, usitoe sauti. Yeyote anayenisoma akinidharau, ana haki.

Jumatatu saa mbili asubuhi Singano alifungua kabati mbele yetu. Chupa za mofini zilikuwa kumi na moja, nne za kijani, saba za waridi, zimepangwa vizuri, lebo zote zimeangalia mbele. Alisema pole. Alimwambia Halima, "Mngenieleza kwamba hali ni mbaya kiasi hicho." Halima alimrushia trei. Ndiye mtu pekee aliyepewa onyo la maandishi katika jambo hili zima.

Neema aliomba kuonyeshwa faili. Lilipoletwa baada ya wiki, kwenye ukurasa wa mwisho, kwa mkono wa matroni Mandia, limeandikwa: mgonjwa alipatiwa dawa za maumivu kadiri ya hali yake, alipumzika kwa amani. Dawa za maumivu. Diklofenaki mbili za kuchoma, zile ambazo unampa mtu aliyeteguka mguu. Wamezitia kwenye kundi moja na mofini ili karatasi iwe safi. Kabatini walijua kuzitenganisha, kwenye faili wakazichanganya. Sasa mkoani wakisoma, Sista Anjela ni mgonjwa aliyehudumiwa.

Singano amepanda cheo, yuko mkoani, anafundisha wengine kupanga makabati. Shemhilu amehamia wilaya nyingine. Mandia bado yupo, mnamsalimia kila asubuhi. Neema ameandika barua tatu na hajajibiwa hata moja. Katika ya mwisho aliniomba niweke sahihi kama shahidi, na nimeweka, kwa jina langu lote.

Kwa hiyo andiko hili nalituma kwenu na kwa mganga mkuu wa mkoa, na sitaki majibu ya pole. Nataka Elieza Singano, Tabitha Mandia na Daktari Shemhilu waitwe wakae mbele ya Neema, hapahapa Korogwe, mchana kweupe, na mimi niitwe nikae upande wao kwa ajili ya ule mtaimbo. Faili liwekwe mezani. Kila mmoja ataje dawa aliyopewa mama yake Neema tangu Ijumaa asubuhi hadi Jumapili saa tisa, kwa jina lake, na saa aliyopewa. Halafu Singano aseme nani alimpa ruhusa ya kuondoka na ufunguo. Kama hakuna aliyempa, aseme hivyo. Neema anangoja. Singano aanze kujibu.